Mtunza Masjala Hana Mdomo

"Umemlaza mtu chini!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoambiwa kazini Doha. Nilikuwa nimepewa rundo la majalada niyatoe mapokezi niyapeleke chumba cha ndani. Mikono ilinichoka, nikaliweka moja sakafuni ili nifungue mlango. Mkuu wa Masjala, Msudani mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliinuka kitini kama mtu aliyeona nyoka. Aliliokota lile jalada kwa mikono miwili, akalipangusa kwa kiganja, akaliweka mezani, ndipo akaniuliza jina langu.

"Saidi."

"Saidi, humu ndani kuna mtu. Amekufa, hawezi kujitetea. Alichobakiwa nacho duniani ni karatasi hizi. Wewe umemlaza chini kama kiatu."

Nilidhani nimefukuzwa kazi kabla hata ya kuonyeshwa jiko la chai lilipo. Lakini yule mzee, ambaye sote tulimwita Ustadh, alinikabidhi tena lile jalada na kunifundisha namna ya kulibeba: mikono miwili, kifuani, si kwapani. Kisha akanipa kanuni ya pili, na hiyo ndiyo iliyokuja kunitesa. "Utasikia mengi na utaona mengi. Usiseme lolote. Mtunza masjala hana mdomo."

Nyinyi mnaofanya kazi hii leo kwa kubonyeza vitufe huenda mkacheka. Nami naandika ili mjue ilivyokuwa.

Masjala ni chumba ambamo ofisi huhifadhi majalada yake. Yetu ilikuwa ya ofisi ya mawakili iliyoshughulika na mambo mawili tu: wosia, yaani maagizo anayoyaacha mtu kabla ya kufa, na mirathi, yaani mgawanyo wa alichokiacha. Watu huyachanganya haya mawili. Katika sheria yetu ya Kiislamu huwezi kuusia zaidi ya theluthi ya mali yako, na wosia si wa mrithi. Mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa, hayangojei hisani ya mtu. Na kilichojaza makabati yetu ni ardhi: viwanja, mashamba, nyumba kongwe ambazo warithi wake walikufa kabla ya kugawana, kisha warithi wa warithi hao nao wakafa.

Nilifika Doha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikitokea Tanga, mtu mzima tayari. Baba na mama walifariki wakifuatana nikiwa darasa la sita. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo shule ikaishia hapo. Nilibeba magunia ya mkonge, nikachoma chokaa, nikauza mkaa, mpaka wadogo zangu wanne wakasimama kwa miguu yao. Nilichokuwa nacho kichwani ni chuo cha Kurani: herufi za Kiarabu nilizisoma bila kukosea, hata pale maana iliponipita. Hicho ndicho kilichoniingiza masjala. Niliajiriwa kuwa farashi, ndivyo wanavyomwita kule mtu wa chai na kutumwa, lakini Ustadh alipoona kwamba naweza kusoma majina kwenye migongo ya majalada, alimtafuta mwingine wa chai.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya kwanza, juu ya fundi cherehani na dobi. Ndani kulikuwa na baridi ya kuhifadhi karatasi. Nilivaa sweta Doha mwezi wa Agosti, na kila nilipotoka nje miwani yangu ilifunikwa na mvuke, nikawa natembea kama kipofu hadi kona ya barabara.

Mshtuko ulikuwa chakula cha kila siku. Niliwahi kuwaona ndugu wawili, wenyeji wa nchi, wakiamkiana mlangoni kwa kugusanisha pua, kama ada yao ilivyo, na kabla adhuhuri haijaadhiniwa kila mmoja alikuwa anasubiri lifti yake ili asipande na mwenzake. Ustadh hakushtuka. Yeye alikuwa akigawa mirathi kwa mkate. Wakati wa chakula alichukua mkate mmoja bapa na kuuchana mbele yetu: "Huyu mke, thumni. Huyu mama, sudusi." Thumni ni fungu moja katika manane, sudusi ni moja katika sita. Tulijifunza mahesabu hayo huku tukitafuna.

Nilipanga chumba katika mtaa huohuo pamoja na Faki Makame, Mpemba mmoja aliyelinda mlango wa duka kubwa la vyombo. Alikuwa mtu wa utani na vitunguu: hakula kitu kisicho na vitunguu. Siku ya kwanza aliniambia, "Mimi nina watoto wanne." Tulipozoeana, tukiwa tunamenya vitunguu hivyohivyo, aliitengeneza hesabu yake.

"Mmoja nimemzaa, Raya. Watatu nimewaokota kwa mama yangu."

Kumbe wale wavulana, Khamis, Omar na Ali, walikuwa wadogo zake. Wazazi wao walikufa Khamis akiwa na miaka mitatu, wale wengine wakiwa wakubwa kidogo tu. Shule ilitaka vyeti vya kuzaliwa, na vyeti vilitaka mzazi aliye hai. Sheha wa kijiji, ambaye ndiye mkubwa wa serikali pale, alimwonea huruma. Akamwambia, "Andika wewe ndiye baba, mambo yaishe." Wazee wa kijiji waliitwa, wakaapa kwamba watoto ni wa Faki. Hakuna aliyeona ubaya, na mimi hata leo sijui kama ningeuona.

"Kwetu mwalimu alitoa shauri hilohilo," nilimwambia. "Bibi yangu akakataa. Alisema, 'Marehemu mmemzika, sasa mnataka kumfuta?' Wadogo zangu walichelewa shule kwa ukaidi wake. Nilimnunia miaka."

"Bibi yako alikuwa na nafasi ya kukataa," alisema Faki. "Mimi nilikuwa na watoto watatu na sufuria moja." Akapenga kamasi za vitunguu. "Lakini nakwambia, wakiniita baba mbele ya watu, mgongo unaninyooka."

Khamis alipokua, Faki alimtafutia kazi ya udereva akaja Doha. Pasipoti yake iliandikwa Khamis Faki Makame, kana kwamba kaka yake ndiye baba yake na baba yake ndiye babu yake. Alikuwa kijana mpole. Yeye alimwita Faki baba, nami akaniita ami, yaani baba mdogo.

Ofisi ilipokua nilihamishiwa Al Wukair, nje ya mji, kwenye ghala la majalada ya zamani. Msimamizi wa Ghala alikuwa Mhindi aliyeongea na panya kuliko alivyoongea nasi. Maboksi yaliletwa na dereva wetu Odhiambo, Mkenya wa Kisumu, mtu wa maneno mengi.

"Mzee Saidi, shuka upokee wageni. Leo nimebeba maiti wa mbali."

Boksi lile lilikuwa la injinia wa meli za gesi aliyekufa Doha. Alizaliwa kisiwa kimoja cha bahari ya Pasifiki. Jina la kisiwa nilijifunza kulitamka, sasa limenitoka. Familia yake ilileta nakala za wosia na kumbukumbu za urithi wa ardhi za huko tangu bibi yake, ili wakili aone aliacha nini. Karatasi zilikuwa na harufu ya nazi iliyochacha. Mfasiri wa ofisi alipozisoma, Ustadh, ambaye alikuwa amekuja ghalani kukagua, alimsimamisha.

"Rudia hapo."

Mfasiri akarudia. Katika mgawanyo wa ardhi ya yule bibi kulikuwa na mtoto aliyechukuliwa kwa jirani akiwa mchanga. Alilelewa tu, hakuzaliwa naye. Mahakama ya kisiwa ilikuwa imempa fungu la ardhi sawasawa na waliozaliwa, na ardhi hiyo ikaendelea kwa wanawe na wajukuu zake. Injinia mwenyewe alitoka katika tawi hilo.

Ustadh alivua miwani. Alikaa juu ya ngazi ya kabati kama aliyeambiwa jua limechomoza magharibi. "Astaghfirullah," alisema. Kisha akainuka. "Kila watu wana kipimo chao. Kazi yetu si kukipima kipimo cha watu. Liwekeni pakavu."

Jioni ile nilimsimulia Faki bila kutaja majina. Alicheka hadi akashika mbavu. "Basi mimi nizikwe huko!"

Miaka ikapita. Nilipandishwa, nikapelekwa makao makuu mapya ya ofisi, Al Rayyan, nikiwa mtunza masjala kamili, mwenye kitambulisho shingoni na funguo kiunoni. Bwana Mkurugenzi, mwenyeji wa nchi, alikuwa na desturi nzuri: kesi za wafanyakazi maskini zilishughulikiwa bure, kwa thawabu. Majalada yao yalikuwa ya kijani. Niliyapenda yale ya kijani kwa sababu ndani yake kulikuwa na watu wetu.

Siku moja Faki alianguka akiwa zamu, palepale mlangoni pa duka alilolilinda, na hakuamka. Tulimzika Doha. Watu walimshika Khamis mkono makaburini, "Pole kwa kufiwa na baba," naye akaitikia, "Ahsanteni." Nilisikia. Nilikuwa na msiba wangu, sikufikiri zaidi.

Haikuchukua muda jalada la kijani likaja mezani kwangu. Faki Makame. Nililipokea kwa mikono miwili, nikalifungua palepale. Kadhi wa nyumbani alikuwa ameomba ofisi yetu ifanye hasri, yaani kuthibitisha kwa mashahidi warithi wa marehemu ni akina nani, kwa kuwa marehemu aliishi na kufia huku. Warithi walioandikwa: mke mmoja, Time; wana watatu; binti mmoja. Mali: nyumba ya mawe na shamba la mikarafuu alilolinunua kwa jasho la Doha.

Niliisoma ile orodha mara mbili. Kila karatasi ilikuwa halali, yenye mhuri. Nililiweka jalada kabatini, nikafunga.

Kesho yake adhuhuri simu yangu ililia. Faki alikuwa na mazoea ya kuitumia kuongea na nyumbani, kwa hiyo namba yangu waliijua.

"Shikamoo, baba. Mimi Raya."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana."

"Tushapoa. Baba, nna swali. Baba mdogo Khamis amekuwa kaka yangu tangu lini?"

Nilitoka mezani, nikaingia na simu katikati ya makabati.

"Sheha kaja na karatasi. Asema mimi nna kaka watatu, na nyumba itauzwa kila mtu apate chake. Mama akamwambia, 'Hawa ni shemeji zangu, wananitania tangu siku ya harusi!' Wazee wakamwambia anyamaze, yeye mtu wa Unguja, mgeni hajui mambo ya watu. Nikaenda kwa Bi Mize, mkunga, aliyemzalisha bibi yangu huyo baba mdogo Khamis. Kanishika mkono akalia. Kasema, 'Mjukuu wangu, mimi niliapa mbele ya sheha. Sote tuliapa.'"

"Raya…"

"Baba yangu alikwambia nini? Wewe ulikuwa unalala naye chumba kimoja."

Nilimwambia nitampigia. Nilisimama katikati ya makabati na sweta langu, jasho linanitoka. Kijiji kizima kilikuwa kimeapa kwa wema, na sasa hakuna aliyeweza kurudi nyuma bila kujiita mwongo wa kiapo. Nje ya familia alibaki mtu mmoja tu aliyejua na ambaye hakuapa. Na mtu huyo hakuwa na mdomo.

Wakati wa chakula nilimuuliza Ustadh, kama mwanafunzi anavyouliza, "Mtu akiacha mke, binti mmoja, na ndugu zake watatu?"

Akachukua mkate. "Mke, thumni." Akachana kipande. "Binti peke yake, nusu." Akaweka nusu nzima ya mkate mbele yangu. "Kilichobaki, ndugu."

"Na akiacha mke, binti mmoja, na wana watatu?"

Akachukua mkate wa pili. Mke, thumni. Kisha akauchana uliobaki, mwana mafungu mawili, binti moja. Kipande cha binti kilipotoka kilikuwa sawa na cha mama yake: thumni tu. Alikiweka kando ya ile nusu ya kwanza. Tukavitazama vyote viwili. Mkate wa kwanza, mama na binti wanabaki na nyumba yao. Wa pili, wanatoka na mizigo.

Ustadh alinitazama juu ya miwani. "Hilo jalada liko katika kabati langu?"

"Mtunza masjala hana mdomo, Ustadh."

"Vyema," alisema. "Kula mkate wako."

Niliuacha mezani.

Nilimtafuta Khamis. Nilimkuta ndani ya gari la tajiri wake, kando ya kibanda cha chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, akinywa huku injini inanguruma kwa ajili ya baridi. Niliingia nikakaa.

"Khamis, unajua wanataka kuuza nyumba?"

"Wazee ndio waliosema, ami. Mimi sijaomba nyumba."

"Lakini unaleta mashahidi waje waseme wewe ni mtoto wa Faki. Wewe ni mtoto wa Makame."

Aliweka kikombe. "Makame simjui. Hata sura yake siikumbuki. Aliyenivisha suruali ya kwanza ni Faki. Nilipougua degedege, aliyenibeba mgongoni usiku kucha ni Faki. Kama yule si baba, baba ni kitu gani?"

"Hilo hakuna anayelipinga. Lakini Raya…"

"Ami, tazama." Alitoa pasipoti, kitambulisho cha ukaazi na leseni, akavipanga juu ya goti langu. "Khamis Faki. Khamis Faki. Khamis Faki. Ukisema mimi si Khamis Faki, nani anaendesha hili gari? Nani anatuma ada za watoto wangu? Sitaki shamba la mtu. Nataka jina nililoingia nalo nchi hii."

Alikuwa amesema kweli, na Raya naye alikuwa amesema kweli. Nilishuka garini, miwani ikafunikwa na mvuke, nikasimama barabarani sioni kitu.

Siku ya hasri walikuja watu wanne: Khamis, na mashahidi wake wawili, Mzee Kombo na Bwana Hamad, Wapemba wote, watu wa msikiti. Wa nne alikuwa Mwanasheria Mwandamizi wa ofisi, aliyekuwa na haraka. Ustadh alikaa mbele. Mimi nilisimama mlangoni na jalada kifuani, kama ilivyo ada, ili nikiitwa nilipeleke.

Mzee Kombo aliapa kwanza. "Wale ni wanawe. Kawalea, kawasomesha, kawaoza. Sote twajua."

Mwanasheria akaandika. Bwana Hamad akainua mkono ili aape. Ustadh akamzuia kwa kidole.

"Kabla hujaapa. Yuko mtu mwingine Doha aliyeishi na marehemu?"

Aliuliza huku akitazama kalamu yake.

Nilisikia sauti ikitoka mlangoni. "Yupo." Ilikuwa yangu.

Mwanasheria aligeuka. Mzee Kombo aligeuka. Khamis peke yake hakugeuka. Aliinamisha kichwa.

"Wewe ni mtunza masjala," alisema Ustadh.

"Ndiyo."

"Mtunza masjala hana mdomo."

Mashine ya baridi ilinguruma. Nilijua kwamba nikiondoka pale mlangoni sitarudi tena kuwa nilivyokuwa. Ustadh aliinua macho.

"Basi ukitaka kusema, vua kitambulisho. Kiweke mezani. Zunguka ukakae upande ule."

Nilivua. Utepe ulinasa kwenye kofia yangu, nikahangaika nao kama mtoto anayevuliwa shati. Niliweka kitambulisho mezani, nikaweka jalada juu ya meza na si sakafuni, nikazunguka nikakaa kiti cha mashahidi, karibu na Mzee Kombo. Aliusogeza mguu wake usigusane na wangu.

Niliapa. Nikasema kwamba Faki aliniambia kwa kinywa chake kuwa alimzaa Raya tu, na kwamba Khamis, Omar na Ali ni watoto wa Makame, mama mmoja baba mmoja na Faki.

"Saidi!" Mzee Kombo alisimama. "Mtu yuko kaburini, wewe unamwita mwongo?"

"Namwita kaka, Mzee Kombo. Alikuwa kaka mkubwa. Mimi najua kazi hiyo."

Khamis aliinua uso. Sijawahi kuona uso ule kwa mtu mwingine. Hakukasirika. Alikuwa kama mtoto aliyeamshwa katikati ya soko na kukuta mkono aliokuwa ameushika haupo.

"Umemuua mara ya pili," alisema.

Bwana Hamad alikuwa bado ameinua mkono. Aliutazama, akaushusha polepole akauweka gotini. "Mimi sijaapa bado," alisema, na hakuapa.

Maelezo yote mawili yalipelekwa kwa kadhi. Kadhi alipoona yanapingana, hakutosheka na vyeti. Alimwita Bi Mize nyumbani kwake, peke yake, akamwambia kwamba aliyeapa kwa huruma anaweza kutoa kafara ya kiapo na kusema kweli. Bi Mize akasema. Raya akapata nusu, mama yake thumni, na kilichobaki wakapata wale ndugu watatu. Nyumba haikuuzwa.

Mimi nilirudishwa Al Wukair. Haikuwa adhabu, Ustadh alinieleza kwa upole: mtu aliyetoa ushahidi katika jalada lililo mikononi mwake hawezi tena kukaa makao makuu. "Wakija watu wengine, watakuangalia wajiulize, huyu atasema nini juu ya maiti wetu?" Nilikubali. Alikuwa ameninyoosha mwenyewe tangu siku ya kwanza, ningebishaje?

Wenzetu ndio walioniumiza. Ijumaa tulikuwa na desturi ya kukusanyika kula sinia moja la biriani, watu wa Tanga, Pemba na Unguja. Nilipofika, waliokuwa kwenye sinia walijaza nafasi kwa magoti. Hakuna aliyenitukana. Odhiambo ndiye aliyeniokoa. Alinikaribisha chumbani kwake kwa ugali na samaki, yeye Mkristo, mimi nimetoka msikitini na kanzu.

"Karibu kwa sisi tusio na ndugu, mzee," alisema. "Hapa hakuna sinia. Kila mtu na sahani yake, na ukimaliza unaosha."

Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Ghalani nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri. Mara kwa mara nilipita mbele ya lile boksi la kisiwa cha Pasifiki, bado liko pakavu. Kule, Khamis angekuwa mtoto wa Faki bila kiapo cha mtu, na mimi ningekuwa mwehu. Hata leo wazo hilo linanishtua: kwamba bahari moja ikivukwa, lililokuwa haki linakuwa dhuluma. Lakini kule pia, kama nilivyoelewa, lilisemwa wazi kwamba huyu alilelewa na huyu alizaliwa, na aliyeandikwa alikuwa na wazazi wake wote, wa kumzaa na wa kumlea. Hakuna aliyefutwa. Labda hilo ndilo bibi yangu alilokuwa akililinda kwa ukaidi wake, na mimi nikamnunia. Na Faki hakuhitaji hata kuwausia wadogo zake: kwa jina lao la kweli walikuwa na fungu lao kama ndugu, maana hakuacha mtoto wa kiume. Alikuwa na rafiki aliyefanya kazi katika ofisi ya wosia. Hakuwahi kuniuliza, na mimi nilikuwa na kanuni ya kutosema.

Karibu na kustaafu kwangu, katika miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, Khamis alikuja Al Wukair. Miaka ilikuwa imepita bila salamu. Mvi zilikuwa zimemwanza pembeni, na kwa mara ya kwanza niliona anavyofanana na Faki.

"Sikuja kukusamehe," alisema mlangoni.

"Karibu ndani, nje kuna joto."

"Pasipoti yangu inakwisha. Sitaki kuapa tena kwa jina lile. Omar na Ali wamesharekebisha vyeti vyao kule nyumbani. Mimi ubalozini naambiwa nilete mtu mzima anayelijua jina la baba yangu." Alitazama maboksi. "Hapa Doha ni wewe tu uliyewahi kulisema."

Tulikwenda ubalozini pamoja. Njiani hatukuzungumza. Dirishani msichana mmoja mwenye adabu alituuliza shida yetu, Khamis akaeleza kwa sauti ndogo. Msichana akachukua kalamu.

"Jina la baba mzazi?"

Khamis alifungua mdomo, akafunga. Akanigeukia. "Sema wewe."

Jina lilikuwa ulimini tayari. Lakini nilimtazama kijana yule, mtu mzima mwenye mvi, na nikajua kwamba nikilisema mimi litakuwa limetolewa na shahidi kwa mara ya pili.

"Mtunza masjala hana mdomo," nilimwambia. "Sema mwenyewe."

Alishika ukingo wa dirisha.

"Makame," alisema. Kisha kwa nguvu zaidi, kana kwamba anaita mtu aliye upande wa pili wa barabara: "Makame. Mimi ni Khamis Makame."

Aliambiwa arudi nyumbani kurekebisha cheti kwanza. Kazi yake ya udereva haikumngoja, na mimi sitawaambia kwamba jambo hilo halikuniuma. Tulipoagana kwenye kituo cha basi alinipa mkono. "Haya, Kaka Saidi," alisema. Miaka yote alikuwa akiniita ami.

Nilistaafu mwaka huohuo. Ustadh, aliyekuwa amezeeka hata hatambui watu vizuri, alikuja kuniaga akiwa ameshikiliwa na mwanawe. Alinipa mkate mmoja uliofungwa kwenye karatasi. "Usiugawe," alisema. "Huu ni wako."

Sasa nipo Tanga. Wadogo zangu wanne wana jina la baba yetu, na wosia wangu umeandikwa, theluthi ya mali imetajwa wazi inakwenda kwa nani. Vijana wakija kuniuliza kuhusu kazi, nawaambia kubeba jalada kwa mikono miwili. Wakiniuliza kuhusu kanuni ya mdomo, nawaambia waishike, isipokuwa siku ile moja, na siku hiyo wavue kitambulisho kwanza.

Juzi Raya alinipigia. Ameolewa, ana mtoto wa kiume, amempa jina la Faki.

"Shikamoo, baba. Baba mdogo Khamis yuko hapa kwangu. Amekuja kuchuma karafuu. Kachoka, kalala sebuleni, mdomo wazi." Akacheka chinichini. "Nimwamshe muongee?"

"Mwache," nilisema. "Mwache alale."